Nilikwenda Zomba na mwiko wangu

Niliporudi Songea kutoka Zomba, Malawi, nilikokwenda kusaidia kujenga shule, mafundi wenzangu wa kijiweni waliniuliza jambo moja tu: "Dada, walikulipa ngapi?" Nikawaambia sikulipwa. Nauli nilijitegemea, chakula nikapikiwa, nikalala kwa mama mkubwa. Mmoja akacheka, akasema basi ulikwenda kutembea. Majirani nao wako upande wa pili kabisa, wananishika kwa mikono miwili na kuniombea dua kana kwamba nimesimamisha shule peke yangu. Nimechoka kuwaeleza mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika.

Mimi ni mwashi. Nilisomea ufundi chuo cha VETA, na tangu hapo nimeishi kwa mwiko: nyumba za watu, vyoo, uzio, na madarasa kadhaa ya shule za kata huku Ruvuma. Asili yetu ni Tunduru, Wayao baba na mama. Mama mkubwa aliolewa Malawi miaka mingi iliyopita, akahamia Zomba, na huko ana wajukuu wanaosoma shule ya msingi. Yeye ndiye aliyenipigia simu baada ya kimbunga Freddy. "Mwanangu, madarasa ya wajukuu zangu yameanguka. Wanaokuja wanatuletea mablanketi. Mablanketi sasa tunayo. Njoo na mwiko wako."

Freddy wengi tulimsikia redioni na kumsahau. Kimbunga hicho kilipewa jina mwanzoni mwa Februari 2023, kikiwa huko kaskazini-magharibi mwa Australia. Kikavuka Bahari ya Hindi nzima, kikapiga Madagaska, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini, kisha Machi 11 kikaingia Msumbiji mara ya pili karibu na Quelimane. Kutoka hapo kikapanda hadi Malawi ya kusini na kumwaga maji. Baadaye Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba hakuna kimbunga cha kitropiki kilichowahi kurekodiwa kikadumu kuliko hicho: siku 36. Mvua ya miezi sita ilinyesha ndani ya siku sita. Malawi peke yake waliokufa walipita 600, mamia hawakuonekana tena, na zaidi ya watu 650,000 walipoteza makazi. Jeshi letu nalo lilipeleka helikopta na wanajeshi kusaidia. Na haya yaliwakuta watu ambao tayari walikuwa katikati ya mlipuko wa kipindupindu, mbaya kuliko yote katika historia ya nchi yao. Januari ya mwaka huohuo shule za Blantyre na Lilongwe zilichelewa kufunguliwa kwa sababu yake. Mtoto aliyekuwa Standadi 5 mwaka huo alikuwa ameshapigwa na korona, akapigwa na kipindupindu, kisha darasa likamwangukia.

Safari sitaisimulia sana. Songea, Njombe, Mbeya, Kasumulu. Ukivuka daraja la Songwe uko Malawi, na kwa Mtanzania viza haidaiwi. Karonga, Mzuzu, Lilongwe, Liwonde, Zomba. Kwenye vituo vya mafuta kulikuwa na foleni za magari yaliyolala hapohapo na madereva wao, kwa sababu nchi ilikuwa haina fedha za kigeni na dizeli ilikuwa ya kubahatisha. Hilo lilikuja kutugusa baadaye, lori la kokoto lilipokwama na sisi tukakaa na zege la midomoni.

Shule yenyewe iko mashariki ya mji, unapoteremka kutoka mlimani kuelekea Ziwa Chilwa. Ni tambarare, kuna mpunga, kuna dagaa wakavu wanaoitwa matemba, na Wayao, Wanyanja na Walomwe wameoana mpaka huwezi kuwatenganisha. Asubuhi ya kwanza nilimsalimia mzee mmoja kwa Chiyao, "Mwajimuka uli?", akageuka kunitazama vizuri, akaniuliza ukoo wa mama yangu. Wa baba hakuuliza. Kwetu ukoo unafuata mama, na huko hivyohivyo. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtoto wa pale, na mzee huyo, ambaye ndiye alikuwa fundi mkuu wa ujenzi, nikamwita Mjomba.

Jengo la kwanza lilikuwa limesombwa lote, imebaki sakafu. La pili, lenye madarasa mawili, lilikuwa limesimama kwa aibu: ukuta wa pembeni umeanguka, kona moja ya msingi imeliwa na maji mpaka mkono unapita chini yake, paa limepinda. Ndani, sakafu ilikuwa na alama nyeusi za mafiga, maana watu waliokoseshwa makazi waliishi humo kwa wiki nyingi. Baadhi ya madawati yaliishia jikoni. Mwalimu mkuu alinieleza hilo kwa sauti ya chini akidhani nitashangaa. Nikamwambia mwalimu, mtoto akilia njaa na kuni zimelowa, hata mimi dawati ningelichoma.

Nilitoa msumari wa inchi sita, nikauweka kwenye kiungo kati ya matofali na kuusukuma kwa kidole gumba. Uliingia mpaka kichwani. Ukuta ule ulijengwa kwa udongo, ukapakwa plasta nyembamba ya saruji kwa nje ili upendeze. Kwa miaka mingi hakuna shida, kwa sababu mvua ya kawaida inapiga plasta na kuteremka. Maji yakisimama chini ya ukuta siku nne au tano, udongo unarudi kuwa matope na matofali yanabaki yamepangwa tu. Nimeuona ujenzi huu Tunduru, nimeuona Namtumbo. Nasema hivi ili mtu asidhani naicheka Malawi.

Kazi ya kwanza basi ikawa kubomoa. Tuliliegemeza paa kwa magogo ya mkaratusi, tukashusha ukuta safu kwa safu mpaka tulipofika palipo pazima. Kila tofali lilipita mkononi mwa Mjomba. Anachukua mawili, anayagonga. Lililoiva linalia, bichi linatoa mlio wa kishindo, zito. Yale ya kutilia shaka aliyaacha ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi ukikuta maji yamekuwa mekundu na kingo zimelainika, hilo tofali lilipita kwenye moshi tu, moto halikuuona. Tulitupa karibu nusu.

Hapo ndipo lilipozuka suala la kuchoma mapya, na sikulala vizuri siku hiyo. Tanuri linakula kuni. Vilima vya kusini mwa Malawi vimekatwa miti kwa mkaa, kwa mashamba na kwa matofali, na udongo usio na mizizi ndio ulioshuka Machi pamoja na mawe makubwa. Tukachome tena kuni ili tujenge kilichoangushwa na ukosefu wa miti? Serikali yao imekuwa ikihimiza matofali yasiyochomwa, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine. Mashine yenyewe tuliambiwa ipo wilaya nyingine, ina foleni. Mwishowe tulinunua matofali ya jengo la duka lililobomolewa mjini, yameiva vizuri, na kwa ule ukuta mmoja yakatutosha. Jengo lililosombwa lingehitaji mengi zaidi, na nilipoondoka lilikuwa bado ni sakafu.

Mchanga haukuwa tatizo la kutafuta. Freddy aliuleta mpaka mlangoni. Mashamba ya mahindi kando ya mto yalifunikwa mchanga hadi magotini, na wenye mashamba walikuwa tayari kukupa bure alimradi uuondoe. Lakini mchanga wa mafuriko una tope laini ndani yake, na tope hilo linaizuia saruji kushika. Tulipima kwa chupa ya maji ya kunywa: nusu mchanga, maji, kijiko cha chumvi, tikisa, iache isimame. Mchanga unatua chini, tope linakaa juu kwa tabaka lake. Tabaka likiwa nene, mchanga huo ukauoshe. Vijana wawili wa Standadi 7 waliupenda mchezo huu mpaka wakawa wanapima mchanga wa kila mtu kijijini na kutoa hukumu.

Kuosha mchanga kunataka maji. Zege linataka maji. Matofali yanataka kuloweshwa kabla ya kujengwa. Na maji yalikuwa kwenye pampu ya mkono mbali na shule, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Nani aliyabeba? Kina mama. Kila asubuhi, kabla sisi hatujavaa viatu vya kazi, mstari wa ndoo ulikuwa unakuja kwenye ukungu, mwingine ana mtoto mgongoni. Walijaza mapipa, wakaondoka kwenda shambani, wakarudi jioni kujaza tena. Hakuna aliyewaandika jina. Hakuna aliyewapa fulana yenye nembo. Mimi niliyetoka nchi jirani nikaitwa mtu wa kujitolea, na mama aliyebeba ndoo mbili kwa siku toka kazi inaanza mpaka inakwisha akaitwa mchango wa jamii. Nililisema hilo mbele ya watu wa mradi. Walitabasamu.

Watu wa mradi ni shirika dogo la hisani ambalo sitalitaja. Nia yao ilikuwa njema na vifaa walileta kweli. Lakini bajeti yao ilitaka na mafundi wa kijijini wafanye kazi bure, kwa hoja kwamba shule ni yao. Mjomba na wenzake watatu mahindi yao yalisombwa Machi. Ufundi ndio uliobaki wa kuwanunulia unga. Sasa mtu huyo asimame juu ya ngazi kutwa nzima, bila malipo, halafu jioni arudi na nini? Mimi nyumbani nina mume anayefanya kazi na akiba kidogo, naweza kutoa wiki zangu. Yeye hawezi, na hiyo haimaanishi anaipenda shule kidogo kuliko mimi. Tulibishana siku mbili. Mwalimu mkuu akasimama nasi, na mwishoni wakakubali kulipa kila Ijumaa kwa bei ya pale. Kuanzia Jumatatu iliyofuata ukuta ulianza kupanda kwa kasi ambayo hakuna hotuba ingeweza kuileta.

Kulikuwa pia na kundi la vijana kutoka Ujerumani, wanafunzi wa chuo. Najua mnachosubiri: niseme walijenga ukuta umepinda, tukaubomoa usiku. Hawakuugusa ukuta. Mjomba aliwaangalia mikono, akawapa kazi ya kusomba mawe na kupiga msasa madawati yaliyosalia, na waliifanya bila kununa. Binti mmoja kati yao alikuwa dhaifu wa mgongo, akapewa stoo. Ndani ya siku chache alikuwa na daftari linaloonyesha kila mfuko wa saruji umeingia lini, umetoka kwa kazi gani, na umebaki mfuko gani uliopasuka. Mifuko ikaacha kupotea. Kama mnataka kujua mtu asiye na ufundi anaweza kusaidia nini kwenye ujenzi, ni hicho: akae stoo na kalamu. Saruji inayovuja usiku ndiyo inayofanya fundi achanganye saruji moja kwa mchanga kumi badala ya moja kwa sita, na ukuta hautakwambia leo.

Sasa paa. Hapa ndipo nilipoona nauli yangu haikupotea.

Kenchi za zamani, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zilikuwa zimelazwa juu ya ukuta na kupigiliwa msumari mmoja mmoja kwenye mbao iliyolala chini yake. Mbao yenyewe haikuwa imefungwa kwenye chochote. Yaani paa zima lilikaa pale kwa uzito wake. Upepo ukiingia chini ya paa la ukumbi wa mbele hauhangaiki na bati moja moja, unanyanyua kila kitu kwa pamoja. Nikasema tumwage lenta, yaani boriti ya zege, juu ya kuta zote, nondo nne kuzunguka, na ndani yake tuzamishe mikanda ya chuma, upana wa vidole viwili, inayopita chini ya nondo na kuchomoza juu wima. Kenchi ikikaa, mkanda unazungushwa juu yake na kupigiliwa misumari pande zote mbili.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Paa halina miguu, mwanangu. Unalifunga lisiende wapi?"

Sikumjibu. Nilimwomba tutembee. Tukapita kwenye mpunga mpaka shamba la mihogo ambako paa la jengo lililosombwa lilikuwa bado limelala, bati, papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi, vyote vimeshikana vizuri kabisa. Kazi safi ya seremala. Kitu pekee kilichokosekana ni jengo. Akalizunguka lote, akainama kutazama mahali misumari ilipochomoka, akatema mate pembeni. "Lete huo mkanda," akasema.

Kuanzia hapo hakuniachia tena. Alikunja mikanda mwenyewe kwenye goti la nondo, akaongeza kitu ambacho mimi sikukifikiria: alipaka oili chafu ya gari sehemu inayogusa mbao, isile kutu, na akapaka hiyohiyo kwenye mbao zote kwa ajili ya mchwa. Kabla sijaondoka alikuwa ameshafunga mikanda kwenye nyumba anayoishi, ambayo kwa desturi ni ya mkewe, na shemeji zake wawili wakaanza kuuliza mkanda unauzwa wapi.

Hali ya hewa ilituchelewesha kuliko kitu kingine. Nilidhani Juni na Julai ni kiangazi, zege litakauka kama huku. Kumbe nyanda zile za Shire zina ukungu wa manyunyu uitwao chiperoni, unaotoka upande wa Msumbiji, unakaa siku mbili, tatu, kila kitu kinalowa bila mvua kunyesha. Baridi yake inaingia kwenye vifundo. Siku hizo tulikaa chini ya bati tukinywa togwa ya moto, ileile ya kwetu Ruvuma, na watoto wakiendelea na masomo chini ya miembe, wamejifunika vitenge, mwalimu akiandika kwenye ubao ulioegemezwa kwenye shina. Darasa moja nilihesabu vichwa mpaka nikapoteza hesabu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 1994, watoto ni wengi kuliko kuta, hata bila kimbunga.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa rangi. Mgeni wa mfadhili alikuwa anakuja, na fungu la rangi lilikuwepo, pamoja na picha ya kuchorwa ukutani, ramani ya Afrika na watoto wameshikana mikono. Fungu la mtaro halikuwepo. Nikauliza, maji yaliyoula msingi huu yalitoka wapi? Kila mtu alijua: yalishuka kutoka barabarani, yakaelekea moja kwa moja kwenye ile kona. Bila mtaro wa kuyakatiza juu na kibaraza cha zege kuzunguka jengo, Januari tutakuwa tumepaka rangi kaburi. Jibu likawa kwamba bajeti imeshapitishwa. Mkuu wa kijiji, mwanamke wa makamo asiyesema sana, alitangaza Jumamosi ya kuchimba. Watu walikuja na majembe, wakatumia mawe yaleyale aliyoyaleta Freddy kujengea kingo. Kibaraza tulimwaga kwa saruji iliyobaki kwenye daftari la yule binti. Rangi ilipakwa pia, na ramani ikachorwa. Madagaska waliisahau, tukaiongeza kwa brashi ndogo.

Vyoo ndivyo vilivyobaki. Mashimo ya zamani yalijaa maji na kuporomoka, na wanafunzi wote na walimu walikuwa wakitumia matundu mawili yaliyofunikwa kwa nyasi. Nchi inayotoka kwenye kipindupindu! Kila aliyekuja kukagua alisifu madarasa na kupiga picha ramani. Wasichana wakubwa, mwalimu mmoja wa kike aliniambia, siku zao zikifika wanabaki nyumbani. Nilimchorea Mjomba shimo lililojengewa matofali ndani kuanzia chini mpaka juu ya usawa wa ardhi, maana udongo ule ni wa kichanga na hauwezi kujishikilia wenyewe, na sakafu iliyonyanyuliwa ngazi tatu ili maji yakija yapite pembeni. Tukapiga hesabu ya matundu manne, mwalimu mkuu akaibandika ofisini kwake na kuanza kuchangisha.

Novemba 2023 benki kuu yao ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Mwalimu mkuu akanitumia ujumbe kwamba hela waliyokusanya kwa matundu manne sasa inatosha mawili, na wameanza na ya wasichana.